Wasomaji Wauliza: Kinu Kidogo cha Nyuklia Hupoaje Umeme Ukikatika?

SWALI: Ndugu wahandisi, vinu vidogo vya nyuklia vinasifiwa kwamba haviyeyuki. Fukushima walikuwa na pampu na jenereta, na mwaka 2011 vinu viliyeyuka vilevile. Hivi vidogo vimezidi nini? – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Havijazidi kitu, vimepunguza: joto la kuondoa ni dogo. Kinu kikizimwa, viini vya urani huacha kupasuka mara moja, lakini mabaki ya vilivyokwisha kupasuka huendelea kutoa joto. Mwanzoni ni karibu asilimia 7 ya nguvu ya kawaida, baada ya saa moja asilimia 1.5 hivi, baada ya siku nzima nusu asilimia. Kwa kinu cha megawati 3,000 za joto, nusu asilimia hiyo ni megawati 15, na bila pampu hazina pa kwenda. Fukushima tsunami ilizamisha jenereta za dizeli, pampu zikasimama, na yaliyofuata mnayajua.

Tazameni HTR-PM, mtambo wa vinu vidogo vinavyopozwa kwa gesi ya heliamu, ulioko Shidao Bay, jimbo la Shandong, China, ulioanza kazi ya kibiashara Desemba 2023. Ni vinu viwili vya megawati 250 za joto kila kimoja, vinavyoendesha mashine moja ya kufua umeme ya megawati 210. Fueli yake ni matufe ya grafiti (aina ya kaboni) yenye kipenyo cha sentimita 6, makubwa karibu kama mpira wa tenisi, zaidi ya 400,000 katika kila kinu. Tufe moja lina gramu 7 za urani iliyorutubishwa, yaani kiasi cha urani-235, aina inayopasuka kwa urahisi, kimeongezwa hadi asilimia 8.5, ikiwa imegawanywa katika chembe kama 12,000. Kila chembe, nusu milimita tu, imevikwa tabaka tatu za kaboni na moja ya silikoni kabaidi. Tabaka hili la silikoni kabaidi, kauri ngumu, ndilo linalofungia ndani vitu vyenye mionzi, na huhimili nyuzi 1,600 za Selsiasi.

Tumbo la kinu ni jembamba na refu: kipenyo mita 3, kimo mita 11. Gesi ya heliamu ikiacha kuzunguka, joto hupenya grafiti hadi ukuta wa chuma, na kutoka hapo hupokewa na mabomba ya maji yanayozunguka yenyewe kwa sababu maji ya moto hupanda. Tena, fueli ikizidi kuwa moto, urani-238, aina isiyopasuka kwa urahisi, hunyonya zaidi nyutroni, vile vijipande vinavyopasua viini, na mpasuko hupungua bila mtu kugusa kitu. Mwaka 2023, kila kinu kikiwa kwenye megawati 200 za joto, wahandisi walikata upozaji kwa makusudi. Vyote viwili vilijipoza.

Msidhani aina hii haina kasoro zake. Ujerumani, katika kinu cha matufe cha THTR-300 pale Hamm, fimbo za kudhibiti, zinazonyonya nyutroni ili kuzima mpasuko, zilisukumwa katikati ya matufe na kuyavunja. Shidao fimbo hushuka ndani ya ukuta wa grafiti pembeni. Katika kinu kingine cha matufe cha huko, AVR cha Jülich, mwaka 1978, boila ya mvuke ilivuja maji yakaingia kinuni. Maji na grafiti ya moto huzaa hidrojeni na kaboni monoksaidi. Ndiyo maana Wachina wameiweka boila katika chombo chake, chini kuliko tumbo la kinu. Vumbi la matufe yanayosuguana bado lipo. Hilo halijapata dawa kamili.

SWALI: Kama ni vidogo, si vingekuwa rahisi? Mbona ule mradi wa Marekani ulikufa kwa gharama? – *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Mradi huo ulikuwa wa kampuni ya NuScale, vinu sita vya megawati 77 huko Idaho. Makadirio ya bei yalipanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, na Novemba 2023 ukafutwa. Ile ni aina nyingine, hupozwa kwa maji, lakini somo la gharama ni lilelile.

Kinachokipa kinu usalama ndicho kinachokitia gharama. Shidao hutoa kama megawati 3 za joto kwa kila mita ya ujazo ya tumbo la kinu, wakati kinu kikubwa cha kawaida hutoa karibu 100. Kwa hiyo unanunua chombo kikubwa mno cha chuma kwa umeme kidogo. Walinzi, leseni na wataalamu wa zamu nao hawapungui kwa uwiano huohuo. Nafuu huja kiwanda kikitoa makumi ya vinu vya mchoro mmoja. Basi anayekuuzia kinu cha kwanza kwa bei ya cha kumi, muulize ni nani alilipia vile tisa.

SWALI: Kenya kwa nini isijenge kimoja kikubwa cha megawati 1,000? – *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Kwa sababu ya gridi. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, na kanuni ya kazi ni kwamba mtambo mmoja usizidi asilimia 10 ya gridi. Mtambo wa 1,000 ukizimika ghafla, nchi nzima huingia gizani. Hapa kinu cha megawati 100 au 200 kina hoja ya kweli.

SWALI: Urani ya Namtumbo, huku kwetu Ruvuma, Tanzania, inaweza kutiwa moja kwa moja kwenye vinu hivi? – *Msomaji, Songea*

JIBU: Hapana. Mgodi hutoa unga wa oksidi ya urani tu. Ni lazima ugeuzwe gesi, urutubishwe katika mashine zinazozungusha gesi hiyo kwa kasi, ili urani-235 ipande kutoka asilimia 0.7 hadi 8.5, ndipo utengenezwe chembe na matufe. Kilo moja ya urani hiyo hula kilo 16 hadi 18 za urani ya asili. Kisha kuna taka: tufe lililotumika lina uzito wa gramu 200 hivi, na lote, si zile gramu 7 peke yake, huhifadhiwa kama taka ya nyuklia.