Rais wa Kenya hushauriwa na nani kuhusu usalama wa taifa?

SWALI: Wakili, salamu. Kukitokea jambo la usalama tunasikia Rais ana mshauri wake wa usalama wa taifa. Mimi nilidhani kazi hiyo ni ya Baraza la Usalama wa Taifa. Nani hasa humshauri, na je, ni lazima afuate anachoambiwa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Salamu pia. Anzia Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010, kinachounda Baraza hilo. Wanachama ni tisa: Rais, ambaye ndiye mwenyekiti, Naibu Rais, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa Ujasusi (NIS) na Inspekta Jenerali wa Polisi.

Mshauri unayemsikia hayumo katika hao tisa. Rais William Ruto alipomteua Monica Juma mwaka 2022, cheo hicho kilikwenda pamoja na ukatibu wa Baraza. Ni kazi nzito, lakini Katiba haimpi mshauri amri juu ya askari hata mmoja. Kwa habari za kijasusi, Sheria ya NIS ya 2012 inamtaja Mkurugenzi Mkuu kuwa ndiye mshauri mkuu wa Rais.

Je, ushauri unamfunga? Hakuna kifungu kinachomlazimisha Rais kuukubali. Usiseme basi kwamba anaamua yote peke yake. Kupeleka majeshi nje ya nchi kulinda amani, au kuruhusu majeshi ya kigeni yaingie Kenya, ni uamuzi wa Baraza, tena kwa idhini ya Bunge.

Hapa ndipo suala la polisi kwenda Haiti linapofundisha. Bunge lilikwisha kuupitisha mpango huo Novemba 2023. Januari 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba Baraza halina uwezo wa kupeleka polisi nje: vikosi ambavyo Kifungu cha 240 kinaruhusu vipelekwe huko ni majeshi. Polisi wana njia yao katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, nayo inadai kwanza kuwe na mapatano ya kusaidiana na nchi inayowapokea. Mapatano na Haiti yalitiwa saini Nairobi tarehe 1 Machi 2024, na kikosi cha kwanza kikatua Port-au-Prince mwezi Juni.

Sheria hiyo ya polisi ilikuwepo miaka yote. Kwa maoni yangu, swali hilo lilipaswa kumalizwa katika kikao cha Baraza kabla halijafika mahakamani. Mwanasheria Mkuu hakupewa kiti pale apambe meza. Amewekwa ili makamanda na mawaziri wanapokubaliana jambo, awepo mtu wa kuuliza ni kifungu gani kinaliruhusu. Akinyamaza, Rais amekosa ushauri aliouhitaji kuliko wote, hata kama taarifa za kijasusi ni kamili.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: Kifungu cha 240(7) kinalitaka Baraza lipeleke ripoti Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama wa Kenya. Mwulize mbunge wako ya mwaka huu imefika lini, na ilijadiliwa lini.