Kabla ya barakoa, nunua glavu

Vijana wanaokuja kupulizia nyanya huku Ilula, Iringa, huniuliza sana wanunue barakoa gani. Nawaambia waanze na glavu. Dawa ya wadudu kama profenofosi hupenya ngozi, na saa ya hatari zaidi ni ile ya kupima, dawa ikiwa bado kali, haijaguswa na maji. Glavu ziwe za nitraili, aina ya mpira, tena ndefu. Zile nyembamba za hospitali huchanika upesi, na za ngozi zinanyonya dawa zikaikalisha mkononi.

Baada ya glavu, angalia bomba lenyewe, lile la kupulizia linalobebwa mgongoni. Linalovuja mfunikoni humwaga dawa mgongoni, ikateremka hadi kiunoni na kuingia ndani ya suruali, na ngozi ya sehemu za siri hunyonya sumu kuliko ya mkono, tena kwa mbali sana. Shati la pamba huzuia matone machache. Likishalowa, linaigandisha sumu mwilini. Kwa hiyo jaza maji matupu, vaa shati kavu, libebe bomba, inama, tembea tuta moja. Mgongo ukilowa, badilisha washa, ule mpira wa kuziba mfunikoni, kabla hujafungua chupa ya dawa. Mimi huongeza kipande cha nailoni nzito kati ya mgongo na bomba. Suruali ikae nje ya gambuti, isichomekwe ndani.

Kitambaa cha usoni hakizuii mvuke. Kwa dawa kali inatakiwa barakoa yenye vichujio vya kaboni, na jua la saa sita hakuna anayeivumilia, kwa hiyo pulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia.

Kinachoniuma ni vibarua wanaolipwa kwa kila bomba wanalopulizia, wanaambiwa waje na vifaa vyao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri avitoe yeye. Tajiri, ukishindwa glavu, usinunue chupa yenye utepe mwekundu, alama ya sumu kali zaidi. Uliza dukani kama ipo ya bluu au kijani inayoua mdudu huyohuyo.

Ukimaliza, osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mwenzako akianza kutokwa jasho na mate kupita kawaida, mboni zikasinyaa, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali, na chupa yenye lebo uende nayo.