Korongo taji analala mtini

Ukiona picha ya korongo amelala mtini ukajiuliza kama ni ya kweli, ndiyo, ni ya kweli: korongo taji wa kijivu, yule wa kwenye bendera ya Uganda, hulala juu ya miti. Siri iko mguuni. Kidole chake cha nyuma ni kirefu, kinakamata tawi. Korongo buluu wa Afrika Kusini ana kifupi, hivyo hulala chini au akiwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi. Nimekulia Kagera, jioni tulikuwa tunawasikia korongo taji kabla hata hawajatua.

Ila kiota hakiwi mtini. Hujengwa chini, katikati ya majani ya kinamasi, kwa hiyo kinamasi kikikaushwa kwa kilimo, miti ibaki isibaki, vifaranga hakuna. Tangu 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inamhesabu kuwa hatarini kutoweka. Na tafadhali, ukimkuta anauzwa awe pambo la bustani, usinunue. Rwanda korongo hawa walikamatwa wengi kwa ajili hiyo, na wakishafungwa ni nadra wazae.

Korongo taji mweusi, wa Afrika Magharibi hadi Ethiopia, ni spishi nyingine, lakini naye hulala mtini.