Blanketi la viraka: kwa mlioanza kushona mwaka huu

Mwaka mzima mablanketi yamekuwa yakirudi mezani kufumuliwa kwa makosa yaleyale. Mikono mizuri mnayo, jicho la rangi mnalo. Kinachowaponza ni haraka, na inauma kuona kazi ya wiki sita ikiharibika kwa jambo la nusu saa.

1. Fua kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga, na kanga nyekundu au ya buluu iliyokoza huchuja. Ukiishona mbichi kando ya bafta nyeupe, blanketi litapendeza mpaka siku ya kufuliwa. Siku hiyo bafta yote inakuwa ya waridi. Si hivyo tu: kiraka kilichofuliwa kimesharudi (kimesinyaa), ambacho hakijafuliwa kitarudi baadaye kikiwa ndani ya mshono, kivute wenzake, na blanketi lijikunje kila pembe. Mikunjo hiyo haitoki hata kwa pasi. Kwa hiyo loweka kila rangi peke yake, suuza, kisha kandamiza kitambaa chenye maji juu ya kipande cheupe kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, rudia. Kikiacha doa mara ya tatu, kiweke kando, kifae mfuko. Na kama umeshachelewa, rangi imeshaingia kwenye nyeupe, usianike wala usipige pasi, maana joto hulikamatisha doa. Lizamishe blanketi lote kwenye maji mengi yenye sabuni ya unga, lilale humo usiku kucha, ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Mara nyingi huokoka.

2. Robo inchi ni robo inchi. Blanketi la kitanda cha 5 kwa 6, likining'inia futi moja pande tatu, ni inchi 84 kwa 84: viraka 14 kwa 14, yaani 196, kila kimoja kikiwa inchi 6 baada ya kushonwa. Basi kata inchi 6 na nusu, robo inchi ya mshono kila upande. Mstari wa viraka 14 una mishono 13. Kila mshono ukila thumni moja (moja ya nane ya inchi) ya ziada, mstari unapungua inchi 1 na thumni 5, wala hautakutana na mstari wa jirani ulioshonwa sawa. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, uufuate huo, si ukingo wa mguu wa mashine.

Kwa mahesabu ya dukani: yadi moja ya kitenge cha upana wa inchi 45 inatoa viraka 30. Nunua yadi 7.

3. Chora kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Kalamu ya wino huvuja.

4. Kanga ina pindo, mji na jina. Viraka vitoke kwenye mji. Pindo litunzeni kwa ukingo wa blanketi. Jina msilikate katikati ya neno, tafadhali. Kuna bibi atakayelisoma hilo blanketi kila asubuhi, na nusu ya methali haimtoshi. Likate zima, liwe ukanda mmoja karibu na mto.

5. Pasi ikandamizwe, isiburutwe. Mstari wa kwanza mishono ilale kulia, wa pili kushoto, ili pembe zikutane bila nundu.

6. Kwa joto la Pwani, shuka kuukuu inatosha katikati, kati ya viraka na bitana. Pamba nene iwaendee wa Njombe. Bitana izidi inchi 3 kila upande. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia katikati kwenda nje, nafasi ya inchi 4, na mashine nayo ianzie katikati. Ukianzia pembeni, kitambaa cha ziada hukusanyika kati na kufanya tumbo. Sindano namba 90 kwa viraka, 100 ukifika kwenye tabaka tatu.

7. Upapi wa ukingo ulionyooka ukatwe kwa kufuata nyuzi zilizonyooka, upana wa inchi 2 na nusu. Hanamu (kukata mshazari) ni ya ukingo wa mviringo tu. Kwa inchi 84 kila upande, kata kanda 9 za urefu wa inchi 45.