Kabla Hujaanza Kutazama Tamthilia za Mapenzi za Kijapani

Jioni ya kwanza nilipomkaribisha wifi yangu tutazame pamoja tamthilia ya Kijapani, alivumilia sehemu mbili nzima bila kusema neno, kisha akaweka chini kikombe chake cha chai akaniuliza, "Wifi, hawa wanapendana au wanadaiana?" Swali lake lilikuwa la haki. Tulikuwa tunatazama Nigeru wa Haji da ga Yaku ni Tatsu, jina lenye maana ya kwamba kukimbia ni aibu lakini kunafaa, iliyorushwa na kituo cha TBS mwaka 2016. Kwenye skrini, mwanamke msomi aliyepoteza kazi na mwanamume mtaalamu wa kompyuta walikuwa wakipanga masharti ya kazi na malipo, kwa kuwa walikubaliana waishi kama mke na mume kwa mkataba, mwanamke akifanya kazi za nyumbani na mwanamume akimlipa mshahara kila mwezi. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono, na hakuna aliyetokwa na chozi.

Nimezitazama tamthilia za aina hii kwa zaidi ya miaka kumi, na karibu kila mtu niliyemshawishi azianze amenirudia na malalamiko yanayofanana: hawabusiani, hawasemi wanapendana, na mtu anapoanza kuwazoea hadithi imekwisha. Naamini malalamiko hayo yanatokana na jicho lililolelewa na tamthilia za Kituruki, za Kifilipino na za Kimeksiko, ambazo zimejaa kwenye vituo vyetu na ambazo huzungumza kwa sauti kubwa. Za Kijapani zina tabia nyingine. Mapenzi yao hukaa ndani ya yale yanayoachwa bila kusemwa, na mtazamaji anahitaji kujifunza kuyasikia, huku akijihadhari sana asiyaige. Nayasema yote mawili kwa sababu la kwanza lilinichukua muda mrefu kulielewa, na la pili lilinigharimu.

Kwanza uelewe umbo lake. Tamthilia nyingi za mapenzi za Japani zina sehemu 10 au 11 tu, sehemu moja kwa wiki, na misimu ya televisheni huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kipindi cha Jumatatu saa tatu usiku katika kituo cha televisheni cha Fuji, saa ambayo Wajapani kwa hesabu yao huiita saa tisa, kilijipatia umaarufu mkubwa wa hadithi za mapenzi hata kikapewa jina lake, getsuku, yaani Jumatatu saa tisa. Mwandishi mwenye nafasi finyu namna hiyo hana haja ya kurefusha mambo, hivyo kitu kidogo kinachoonyeshwa katika sehemu ya pili, kama vile mpira au mwavuli uliosahauliwa, mara nyingi kitarudi katika sehemu ya tisa kikiwa na uzito. Kwa hiyo usizitazame huku unapika au unajibu ujumbe kwenye simu. Ukiinamisha kichwa kwa dakika moja, pengine umepitwa na lile tukio ambalo wenzako watalilia mwishoni.

Jambo la pili, na kwangu ndilo lenye utamu kuliko yote, ni kusikiliza namna watu wanavyoitana. Wajapani wasiozoeana huitana kwa jina la ukoo na kuongeza neno la heshima, "san", na hata wafanyakazi walioketi ofisi moja kwa miaka wanaweza kubaki hapo hapo. Mhusika anapovuka kutoka jina la ukoo kwenda jina lake mwenyewe, amepiga hatua ambayo katika tamthilia nyingine ingechukua bustani ya maua na wimbo mzima. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini mara nyingi hulifuta jambo hili, kwa kuwa huandika jina moja tu mwanzo hadi mwisho, hivyo amini masikio yako kuliko macho. Sisi wa Mombasa hatuna sababu ya kulishangaa hili. Mama yangu hajapata kumwita baba yangu kwa jina lake mbele yetu, naye baba siku alipougua sana akamwita mama kwa jina lake la utotoni, sote tulionyamaza chumbani tulijua tumesikia jambo ambalo halikuwa letu.

Baada ya majina, tazama umbali. Wale wawili wa mkataba, Mikuri na Hiramasa, walianza kwa kuketi mbali, kisha wakajiwekea siku moja katika wiki ya kukumbatiana, kama mtu anavyojiwekea siku ya kufua. Walikumbatiana kwa woga, mikono ikiwa haijui ikae wapi. Busu la kwanza lilikuja mwishoni mwa sehemu ya sita, ndani ya treni, wakiwa wanarudi nyumbani kutoka safari ambayo wote wawili waliitumia kujidhibiti. Wifi yangu, ambaye alikwisha kuuliza kama wanadaiana, alipiga kofi kwenye goti lake na kusema, "Hatimaye!" Sikuhitaji kumweleza lolote tena. Busu lile lisingekuwa na nguvu kama lingetokea katika sehemu ya kwanza, na ndiyo maana namshauri kila anayeanza asikate tamaa kabla ya kufika nusu.

Sasa nifike kwenye lile la kujihadhari. Kuna neno utakalolisikia katika tamthilia hizi mara nyingi hata usipolitafuta, nalo ni "daijobu", yaani hakuna neno, niko sawa. Mhusika ameachwa siku ya harusi, anasema daijobu. Ameambiwa kuwa ana ugonjwa usioponeka, anamtazama mama yake na kusema daijobu. Nilikuwa naliona neno hili kuwa kilele cha ustaarabu wa mapenzi, kwamba anayependa kweli hamwelemei mwenzake kwa shida zake. Mume wangu alipokwenda kufanya kazi Doha, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, niliamua kuwa mke wa namna hiyo. Kila usiku alipopiga simu na kuuliza hali, nilijibu kuwa hakuna neno, hata usiku niliokuwa nimeshinda na homa, hata wiki ambayo nililala sebuleni kwa sababu chumba kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Mkataba wake ulipokaribia kwisha aliongezewa mwaka mwingine, naye akakubali, kisha akanipigia kwa furaha kunieleza. Nilipolia kwenye simu alishtuka kabisa. "Lakini wewe umeniambia kila siku kwamba hakuna neno," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Mwaka ule tuliumaliza kwa shida, ingawa tangu usiku huo nilimweleza mambo yalivyo. Nilipozirudia tamthilia zangu baadaye niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona: kamera haiwi mbali na mtu anayesema daijobu. Sisi watazamaji tunaonyeshwa vidole vyake vinavyobana ukingo wa meza, tunaonyeshwa uso wake anapogeuka, na kwa hiyo sisi tunajua. Mpenzi wake hana kamera hiyo. Mume wangu aliyekuwa Doha hakuwa nayo. Basi unapotazama, furahia ukimya wa watu wale kama unavyofurahia ushairi, lakini simu ikilia, sema unaumwa ukiwa unaumwa.

Kuna jambo jingine ambalo nisingependa msichana yeyote alichukue kutoka kwenye tamthilia hizi, nalo limo katika Hana Yori Dango, iliyorushwa na TBS mwaka 2005 kutokana na hadithi ya picha ya Kamio Yoko. Binti wa familia maskini anasoma shule ya matajiri ambako wavulana wanne wanatawala, na anayewaudhi hupewa karatasi nyekundu, kisha shule nzima humwandama. Kiongozi wa wavulana hao ndiye anayegeuka kuwa mpenzi wake. Nakiri kwamba tamthilia hii inapendeza, kwa sababu binti mwenyewe, Makino Tsukushi, hakubali kuonewa na anarudisha ngumi. Hata hivyo binti ya wifi yangu, mwenye miaka 16, alipoitazama aliniambia kuwa mwanamume mkali ni yule ambaye bado hajapata wa kumpenda. Nilizima televisheni tukazungumza. Nilimwambia kuwa mwandishi ndiye aliyempa kijana yule moyo mzuri kabla hadithi haijaanza, na kwamba katika maisha hakuna aliyekuahidi kuwa moyo huo upo. Ukiitazama na vijana, tafadhali usiwaache peke yao.

Dawa yake nzuri imo katika ile ile tamthilia ya mkataba. Katika sehemu ya kumi, Hiramasa anamwomba Mikuri wafunge ndoa ya kweli, na akiwa mtu wa hesabu, anamweleza jinsi watakavyookoa fedha kwa kuwa mshahara hautakuwepo tena. Kila mtu anategemea machozi ya furaha. Mikuri, ambaye anampenda kwa moyo wake wote, anakataa kazi yake igeuke kuwa bure kwa sababu tu ya kupenda, na anauita mpango huo unyonyaji wa mapenzi. Nimeolewa, nimefua, nimepika, nimelea mama mkwe mgonjwa, na sijapata kusikia katika tamthilia yoyote mwanamke akiuliza swali hilo kwa heshima na uthabiti kama ule. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hawaachani. Wanarudi mezani na kulizungumza, kwa maneno yale yale ya adabu waliyoanza nayo.

Kwa anayeuliza aanzie wapi, mimi humwelekeza aanze na hiyo. Kisha atazame Long Vacation ya mwaka 1996, ambamo bibi harusi anakimbia barabarani akiwa katika vazi lake jeupe kumtafuta mchumba aliyemtoroka, akaishia kuishi nyumba moja na mpiga piano kijana aliyekata tamaa, ambaye anamwambia kuwa mambo yanapokwenda vibaya aione kama likizo ndefu aliyopewa na Mungu. Zile za maradhi, kama 1 Litre of Tears ya mwaka 2005, iliyotokana na shajara ya msichana wa kweli aliyefariki akiwa na miaka 25, usizitazame ukiwa na mgonjwa nyumbani.

Ya mwisho iwe Tokyo Love Story ya mwaka 1991. Akana Rika anampenda mfanyakazi mwenzake, Nagao Kanji, na anampenda kwa sauti, tofauti na kila mtu aliyemzunguka, hata amempa jina ambalo yeye peke yake analitumia, Kanchi. Kanji anashindwa kuubeba upendo mkubwa kiasi hicho. Mwishoni anamfuata Rika hadi kituo kidogo cha treni kando ya bahari, huko Ehime alikozaliwa Kanji, kwa sababu Rika amemtajia treni atakayopanda. Anafika mapema, lakini Rika ameshaondoka na treni iliyotangulia. Kwenye uzio wa kituo amefunga kitambaa cha mkononi, kinapepea kwa upepo wa bahari, na juu yake ameandika neno la kumuaga Kanchi.

Tuliitazama sehemu hiyo mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya tarawehe, mimi na wifi yangu tu. Kwetu kitambaa kile ni leso, na leso ndilo jina la kanga zetu vilevile, kwani wazee husema zilianza kwa vitambaa kama hivyo vya Wareno vilivyoshonwa pamoja, na mwanamke wa pwani anajua maana ya kumwachia mtu neno kwenye nguo na kwenda zake. Wifi hakuuliza kama wale walipendana. Aliniomba nirudishe nyuma, akakitazama kile kitambaa mpaka Kanji alipokifungua, kisha akauliza ile treni ilikuwa imetangulia kwa dakika ngapi.

"Kumi na tano," nikamwambia.

Aliivuta leso yake mabegani, tukakaa pale bila kuzungumza.