Sanaa si kachumbari

Mwanangu,

Hatujambo huku. Goti la mama yako limepungua kuuma, na anakusalimu.

Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma mara tatu. Unauliza: katika huo utafiti wenu wa tamaduni mbalimbali za Nairobi, wachoraji na waigizaji mnaotaka kuwaita mwalipe kwa siku au kwa kazi, na waingie mwezi gani. La malipo ni jepesi. Walipeni sawa na hao wanaobeba hojaji, na nusu itangulie. Hilo la mwezi ndilo lililoninyima usingizi, maana naona mnaoufikiria ni ule wa mwisho, ripoti ikishaandikwa na sasa inatafutiwa picha. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, wewe na kaka yako: sanaa si kachumbari. Haingoji pilau iive ndipo itiliwe pembeni ya sahani.

Unaukumbuka mwaka ule niliokuwa nikirudi na matope ya Kibera hadi magotini, nawe ukiniosha viatu? Ulikuwa darasa la sita. Sikukusimulia yote. Kuna watu walinifuata kibandani, pale nilipokuwa nikiandika mabango, wakataka mtu wa kuchora wakati wazee wa Makina, kijiji kimoja cha Kibera, wanahojiwa. Swali lao la kwanza lilikuwa: kabila lako? Watu wakajibu neno moja wakanyamaza. Mnubi. Mluhya. Mkamba. Alama inatiwa kwenye kisanduku, mwingine anaitwa.

Siku ya pili nikabandika karatasi ya manila ukutani, nikaanza kuchora ua wa ploti moja kama nilivyouona nikiingia: milango sita, jiko, kamba ya nguo. Palikuwa na nyanya mmoja wa Kinubi, mjukuu wa wale askari wa KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliopewa makao msituni pale, wao wakapaita Kibra, yaani msitu. Hojaji ilikuwa imemtoa maneno manne tu. Akasimama. "Hilo jiko umelikosea." Nikalihamisha. "Bado." Nikalihamisha tena. Mwishowe akaninyang'anya brashi!

Mwanangu, yule mama alichora kwa mkono unaotetemeka. Jiko akaliweka katikati ya ua, kisha akaanza kuwapanga majirani wa zamani kulizunguka. Huyu Mluhya aliyemfundisha kupika mrenda. Huyu Mkamba msusi wa vyondo, waliyeshindana naye miaka na miaka, yeye akisuka tabaga zake, zile sinia za ukili za Kinubi, na wakawa wanaibiana mistari ya rangi hadi hakuna aliyejua tena mstari upi ulianza kwa nani. Wazee wakasogea. Mti ulikuwa huku; hapana, ule ulikatwa kabla hujaoa. Kufikia adhuhuri tulikuwa na manila nne zimejaa na hakuna swali hata moja lililoulizwa. Kijana wa hojaji aliweka kalamu chini akawa anatazama tu. Hadi leo nikiikumbuka asubuhi ile hucheka peke yangu.

Ripoti ikatoka. Ua wetu uko kwenye jalada, rangi zimekolezwa. Ndani, majedwali ya makabila. Mrenda haumo, tabaga na vyondo havimo, ule ugomvi mtamu wa mistari haumo. Chini ya picha wameandika "mchoro wa msanii wa mtaani." Jina langu lipite, sawa. La yule nyanya je? Yeye ndiye aliyefanya utafiti siku ile. Akafariki kabla sijapata nakala ya kumpelekea.

Hapo huwa najibishana na nafsi yangu. Pengine mwenye fedha alitaka hesabu, na hesabu ina kazi yake. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi hapa Nairobi mwaka 2016 ili nao wahesabiwe, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Nenda kamwambie Mmakonde kwamba orodha haina maana! Lakini vinyago vya Kimakonde vilipendwa na kununuliwa miaka yote hiyo ambayo wachongaji wake huku Kenya hawakuwa na kitambulisho. Kachumbari ileile.

Wala mchoraji si malaika. Unakumbuka nilipokupeleka Makumbusho ya Taifa, tukasimama mbele ya picha za watu wa Kenya za yule mchoraji Mzungu, Joy Adamson, zile alizoagizwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940? Ulizipenda shanga. Mimi pia, na bado nazipenda, kwa kuwa zimetuhifadhia mavazi ambayo wengi wetu hatukuyaona yakivaliwa. Ila nilipozitazama sana nilijiuliza kama kuna aliyekaa akachorwa akapata nafasi ya kusema, "Hapo umekosea." Mimi mwenyewe, kama si yule nyanya, ningeliacha jiko pembeni, na picha ingependeza, na ingekuwa uongo.

Basi kabla ya mwezi, kabla ya malipo, waulize wenzako: nani ana ruhusa ya kufuta? Msanii akikuta maswali yameshachapishwa, hana cha kufuta. Hata yule anayehojiwa hana.

Unasema wafadhili wamewapanga wasanii kwenye "usambazaji wa matokeo." Nimekaribia kukuambia uikatae kazi hiyo. Sisemi. Una mtoto shuleni, kodi ya nyumba huko Umoja haingoji, na unawajua watu wako kuliko mimi. Lakini nimekaribia, ujue.

Manila moja ninayo bado, ile ya jiko. Imeviringishwa juu ya kabati, kando ya rula zangu. Njoo Jumapili uichukue, uwaonyeshe kabla hamjachapisha hizo hojaji. Usiikunje tafadhali, penye jiko rangi imeanza kubanduka.

Baba yako