Muulize Bwana Shamba: Mboga za Saladi Msimu wa Baridi

Nilisia letusi joto likielekea kuisha ili nipate majani ya kula wakati wa baridi. Wiki tatu zimepita, imeota michache ya kuhesabika. Nimeuziwa mbegu mbovu?

Usimlaumu muuzaji bado. Udongo ukizidi nyuzijoto 27 hivi, mbegu za aina nyingi za letusi hulala hata ukizimwagilia kutwa. Huota vizuri zaidi kati ya nyuzi 15 na 20. Rudia kusia jioni, kwenye trei uliyoiweka mahali pa ubaridi, na usifukie zaidi ya nusu sentimita, maana aina nyingi zinahitaji mwanga ili ziote. Wengi hukosea hapo: wanafukia kina cha mahindi, halafu wanasubiri. Hamisha miche ikiwa na majani manne au matano, ukiacha sentimita 20 hadi 25 kati ya mche na mche.

Spinachi na letusi zangu zilianza vizuri, lakini tangu baridi iingie zimesimama kabisa. Niongeze mbolea?

Hapana. Mboga hizo hazina njaa. Zimepungukiwa mwanga. Urefu wa mchana ukishuka chini ya saa 10 hivi, ukuaji karibu unasimama, hata kama mmea wenyewe unaustahimili ubaridi. Ukiongeza naitrojeni wakati huo, mmea unailimbikiza kwenye majani kama naitreti bila kuitumia ipasavyo, nayo majani yanakuwa laini, yanaganda upesi na kuoza upesi.

Kwa hiyo kazi yote ifanyike mapema. Tafuta tarehe ambayo urefu wa mchana wa kwenu unashuka hadi saa 10, kisha hesabu kurudi nyuma: sukuma wiki wiki 10 hadi 12, letusi na spinachi kama wiki 8, haradali na arugula wiki 5 au 6. Lengo ni mboga ziwe zimefikia robo tatu ya ukubwa wake kabla ya tarehe hiyo. Baada ya hapo bustani ni ghala: unachuma ulichokwisha kukuza. Mboji iliyoiva vizuri, tabaka la sentimita 3 hadi 5, ichanganywe na udongo kabla ya kupanda.

Zako ziache zilivyo, ng'oa magugu tu. Mchana ukirefuka zitaamka. Wanaolima karibu na ikweta hawana shida hii: kwao mchana karibu haupungui, na kinachochelewesha mboga ni ubaridi na mawingu.

Asubuhi nimekuta majani ya spinachi yamelegea na kung'aa kama kioo. Nichume haraka kabla hayajaharibika?

Usiyaguse! Barafu imejitengeneza katika nafasi zilizo kati ya seli, na maji ya ndani ya seli yametoka kuifuata. Ukilikunja jani likiwa hivyo, unazipasua seli, na likiyeyuka litakuwa uji mweusi. Subiri jua lipande. Barafu inayeyuka taratibu, seli zinarudisha maji yake, na jani linasimama tena. Yatakayobaki meusi na yenye majimaji hadi alasiri yamekufa, yaondoe.

Usiku wa jalidi, funika tuta kwa kitambaa chepesi cha bustani kilichoinuliwa kwa pinde za waya. Kitambaa kikilala juu ya majani, pale kinapogusa ndipo panapoganda. Ukitumia nailoni, fungua ncha zote mbili mchana, la sivyo joto na unyevu vitakaa humo na kukuletea tatizo la msomaji anayefuata.

Majani ya letusi yana madoa ya njano juu, na chini kuna utando mweupe. Ni nini?

Ubwiri vinyoya. Tazama kingo za doa: zimenyooka na zina pembe, kwa sababu ugonjwa unazuiwa na mishipa ya jani. Kinachouleta ni ubaridi pamoja na majani yanayolala yakiwa yameloa maji. Toa majani yote yenye madoa, yasiingie kwenye lundo la mboji. Punguza miche iliyobanana, mwagilia asubuhi tu, tena shinani. Msimu ujao tafuta mbegu za aina inayostahimili ugonjwa huu, na usirudie letusi kwenye tuta lilelile. Dawa ukishaona utando mweupe kwa kawaida imechelewa.

Nichume vipi ili mboga zisiishe?

Majani ya nje tu, si zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, na moyo usiuguse. Aina za kukata kwa kisu, kama haradali, bakiza sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi. Katikati ya baridi chuma kidogo kuliko unavyotamani: jani ulilolitoa sasa halitapata mbadala hadi mwanga urudi.